Programu ya vikoba iko Mwanza, seva iko Virginia: je, nihamie Cape Town?

"Shikamoo mtaalamu. Nipo Mwanza, nimetengeneza programu ya hesabu za vikoba: hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii. Vikundi kama 300 vya Mwanza, Geita na Shinyanga vinaitumia, wengi kwa simu janja za bei nafuu. Programu iko kwenye seva ya Virginia, Marekani, kwa sababu ndiyo kanda, yaani eneo la seva, niliyoikuta imeshachaguliwa nilipofungua akaunti ya AWS, huduma ya seva ya Amazon. Kanzidata, yaani hifadhi ya rekodi zote, iko Ireland kwa kampuni nyingine, maana walinipa ya bure. Ukurasa wa orodha ya wanachama 30 unachukua sekunde tano hadi sita kufunguka, na waweka hazina wanalalamika. Rafiki yangu kaniambia nihamishie seva Cape Town, itakuwa haraka mara tatu kwa sababu ni Afrika, na kanzidata ibaki Ireland kwanza mpaka nipate hela. Mwingine ananitisha kuwa sheria inakataza taarifa za Watanzania kukaa nje ya nchi, eti lazima nikodi Dar. Bajeti yangu ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Nifanye nini?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka ulisikie ni hili: usihamie Cape Town kwa mpango huo. Cape Town yenyewe haina ubaya. Ila ukiihamisha seva ukaiacha kanzidata Ireland, ukurasa wako utabaki pale pale kwenye sekunde tano, na huenda ukafika saba. Utakuwa umelipa zaidi, umekesha usiku wa kuhamisha, na siku ya mkutano mweka hazina wa Sengerema atakupigia na lalamiko lile lile.

Nikueleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kuniuliza mimi wala rafiki yako tena.

Wengi tunaufikiria umbali wa seva kama safari ya basi: unapanda, unafika, basi. Ingekuwa hivyo, hata Virginia isingekusumbua. Ujumbe kutoka Tanzania kwenda Virginia na kurudi huchukua kama robo ya sekunde, na hakuna mweka hazina anayelalamikia robo ya sekunde. Shida ni kwamba ukurasa mmoja haufunguki kwa safari moja. Fikiria kisima kilicho kilomita moja kutoka nyumbani. Anayekwenda na ndoo anajaza na kurudi. Anayekwenda na kikombe atashinda njiani mchana kutwa, na jioni atasema kisima kiko mbali. Programu yako inachota kwa kikombe.

Tuhesabu pamoja. Simu ya mweka hazina inapofungua ukurasa, kwanza husalimiana na seva: safari moja ya kwenda na kurudi. Kisha wanakubaliana namna ya kufunga mawasiliano kwa siri, ile kufuli unayoiona kwenye kivinjari: safari moja kama unatumia TLS 1.3 iliyotoka mwaka 2018, mbili kama bado uko kwenye 1.2. Ndipo simu inaomba ukurasa: safari nyingine. Hizo ni tatu kwa uchache, na kwa milisekunde 250 kila moja ni robo tatu ya sekunde kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Baada ya hapo seva haimwagi data yote kwa mara moja. Inaanza na kama kilobaiti 14, inasubiri kusikia kwamba zimefika, inaongeza maradufu, inasubiri tena. Ukurasa wa kilobaiti 300 unahitaji mawimbi matano ya namna hiyo. Hapo sekunde nyingine imekwenda.

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Sijauona msimbo wako, lakini ukurasa wa orodha ya watu 30 ukiandikwa kwa namna iliyozoeleka huuliza kanzidata mara moja: "nipe wanachama wa kikundi hiki," kisha kwa kila mwanachama huuliza tena: "na huyu deni lake ni kiasi gani?" Maswali 31. Kati ya Virginia na Ireland kila swali lina safari ya takribani milisekunde 75. Zidisha: sekunde mbili na ushee zinapotea juu ya bahari ya Atlantiki, na mweka hazina hata hajaingia kwenye hesabu. Ukipeleka seva Cape Town na kuiacha kanzidata Ireland, kila swali litachukua karibu milisekunde 160. Mara 31 ni sekunde tano kamili. Ulichookoa kwa kumsogelea mtumiaji umekipoteza mara mbili kwa kujitenga na kanzidata.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia mtu wa zahanati kuleta programu yake Dar kutoka Ulaya. Kanzidata ilikuwa kubwa kidogo, tukakubaliana ije mwezi unaofuata. Asubuhi ya kwanza mapokezi walikaa wakiangalia kiduara kinazunguka, foleni ikafika nje, na kabla ya saa nne wakarudi kwenye daftari. Niliona aibu kubwa. Tangu siku hiyo sihamishi seva bila kanzidata yake, hata kwa siku moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujachagua mji wowote, ni kuviweka viwili hivyo ndani ya kanda moja ya kampuni moja. Vikiwa pamoja, swali kwa kanzidata huchukua milisekunde moja au chini yake, na maswali yako 31 yanakuwa jambo la kufumba na kufumbua. Washa kumbukumbu ya maswali kwenye kanzidata yako, fungua ukurasa mmoja, uhesabu yametoka mangapi. Kisha andika upya ule ukurasa ili uulize mara moja au mbili, ukiunganisha jedwali la wanachama na la mikopo. Hii ni kazi ya siku moja, haina gharama, na nina hakika itakupunguzia muda kuliko mkataba wowote wa seva.

Sasa tuje kwenye mji.

Neno "Afrika" limemdanganya rafiki yako kidogo. Mwanga ndani ya uzi wa kioo wa mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hakuna kampuni inayoweza kukuuzia pungufu ya hapo. Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500, Cape Town 3,700, Mumbai karibu 4,700, Frankfurt 7,000, na Virginia zaidi ya 12,000. Maana yake Johannesburg haiwezi kushuka chini ya milisekunde 25, Cape Town 37, Mumbai 47, Frankfurt 70. Njia halisi hupinda, kwa hiyo zidisha mara moja na nusu, mara mbili, wakati mwingine zaidi. Ongeza pia kilomita elfu moja na kitu za kutoka Mwanza hadi pwani, na kipande cha hewani kati ya simu na mnara, ambacho kwenye 3G peke yake kinaweza kuzidi milisekunde 100. Kipande hicho cha mwisho hakuna kanda inayokiondoa.

Utaona pia kwamba Afrika Kusini ina miji miwili na si kila kampuni iko yote miwili. AWS wako Cape Town tangu Aprili 2020. Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Oracle wakafuata Johannesburg mwaka 2022, na Google Januari 2024. Vultr, ambao wengi wetu wenye programu ndogo tunawatumia, nao wana Johannesburg. Kampuni nyingine za kukodisha seva, DigitalOcean na Hetzner, hazina kanda Afrika. Ukiwa nazo, jirani yako ni Ulaya au Asia. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki kuna matangazo: Oracle wametangaza kanda Nairobi, na Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya Falme za Kiarabu, wakatangaza kituo kikubwa Olkaria, Kenya, kitakachotumia mvuke wa ardhini. Ninayafurahia sana. Ila programu yako haiwezi kukaa kwenye tangazo. Chagua kati ya kanda unazoweza kufungua leo.

Kuna jambo ambalo ramani haikuonyeshi, nalo ndilo linalowashangaza wengi. Ujumbe wako haufuati mstari ulionyooka; unafuata mikataba. Mtandao wa simu wa mweka hazina wako hununua intaneti ya nje kutoka kwa kampuni kubwa, na baadhi ya makutano hayo yako Marseille au London. Hivyo inawezekana kabisa ujumbe ukatoka Geita, ukafika Dar, ukapanda Bahari ya Shamu hadi Ufaransa, ukashuka tena pwani ya magharibi ya Afrika hadi Cape Town. Mambo haya si mapya. KIXP, kituo cha Nairobi ambako mitandao ya Kenya hubadilishana data, kilianzishwa mwaka 2000 kwa sababu barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ya jirani ilikuwa inapitia ng'ambo. Kilifungwa, kikapiganiwa, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Sisi tuna TIX, Dar es Salaam. Kwa njia za ndani hali sasa ni njema, lakini njia ya kwenda Afrika Kusini bado hutegemea uko kwenye laini ipi.

Ndiyo maana nakuomba usiamini jedwali la mtu yeyote, hata langu. Pima. Wala usipime kwenye kompyuta yako ya mezani yenye faiba. Pima kwenye simu za watumiaji wako. Tafuta waweka hazina watatu wenye laini tatu tofauti, mmoja Mwanza mjini, mmoja Geita, mmoja kijijini Shinyanga. Fungua seva ndogo kabisa Johannesburg, Cape Town, Frankfurt na Mumbai, zinazolipiwa kwa saa, weka ndani yake ukurasa mdogo wa majaribio, na kwa siku tano upime asubuhi, mchana na saa mbili usiku, wakati bando za usiku hazijaanza na kila mtu yuko mtandaoni. Hazitakula hata shilingi 20,000 kama utazizima ukimaliza, na tafadhali zizime. Usichukue wastani peke yake. Panga vipimo vyako kuanzia kidogo hadi kikubwa, uangalie kile cha 95 katika kila 100, maana mtumiaji hukumbuka siku mbaya. Ukiona Cape Town inakupa milisekunde 300, usiwalaumu Cape Town. Tumia amri ya traceroute, inayoorodhesha ruta ambazo ujumbe unapitia, na kwenye majina yake utaona vifupisho kama mrs (Marseille), ldn (London) au fra (Frankfurt). Hapo ujue umepelekwa Ulaya na kurudishwa.

Kuna pia matukio ya mwaka 2024, ambayo kila mtu wa kazi hii anayakumbuka. Februari mikongo kadhaa ilikatika kwenye Bahari ya Shamu, ikiwemo SEACOM, na njia yetu ya kwenda Ulaya ikadhoofika. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei, mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye seva Afrika Kusini aliyekuwa akijiambia "mimi nimeshaikwepa Bahari ya Shamu" aliamka Jumatatu hana njia. Meli ya kutengeneza mikongo, Léon Thévenin, makao yake ni Cape Town, na kuifikisha mahali pa hitilafu, kuunyanyua mkongo na kuuunga si kazi ya siku mbili. Sikuambii haya ili uiogope Afrika Kusini. Nakuambia ili usiichague ukidhani ukaribu ni sawa na uhakika. Kila njia yetu ya nje ina mahali inapoweza kukatika. Mikongo inaongezeka, 2Africa umeshafika pwani yetu, na hali inazidi kuwa bora, lakini programu inayoshika pesa za watu lazima iwe na jibu la siku ambayo bahari imefunga.

Jibu hilo liko kwenye simu, na hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi kuliko kwenye kanda. Mkutano wa kikoba unafanyika chini ya mwembe, watu 30, kila wiki. Mtandao pale unakuja na kuondoka. Programu yako inapaswa kurekodi hisa na marejesho ndani ya simu papo hapo, kumwambia mweka hazina "imehifadhiwa, haijatumwa," na kutuma yenyewe mtandao ukirudi. Kila rekodi ipewe namba yake ya kipekee kwenye simu kabla haijatoka, ili ikitumwa mara mbili seva itambue ni ile ile na isimwandikie mama wa watu marejesho mawili. Ukilifanya hili vizuri, tofauti ya milisekunde 60 na 160 haitaonekana na mtu yeyote mkutanoni.

Kwenye bei nitapita haraka. Mashine ya AWS iitwayo t3.medium, yenye GB 4 za kumbukumbu (RAM), ni dola 0.0416 kwa saa Virginia na dola 0.0542 Cape Town: karibu dola 30 kwa mwezi dhidi ya 40, bila diski. Data inayotoka Cape Town ni dola 0.154 kwa GB, wakati Virginia ni 0.09, ingawa GB 100 za kwanza kila mwezi hawatozi. Vikundi 300 vinavyotuma maandishi na namba havitamaliza hata GB 100. Bajeti yako ni dola arobaini na kitu, kwa hiyo Cape Town itaimeza yote, hasa ukiongeza diski, bekapu na kodi. Jiulize kama kweli unahitaji GB 4. Kwa kazi hii GB 2 zinatosha, seva na kanzidata vikikaa kwenye mashine moja kwa sasa. Kampuni ndogo zenye Johannesburg au Frankfurt zitakupa hiyo kwa nusu ya bajeti yako. Kumbuka pia unalipa kwa dola na kukusanya kwa shilingi. Acha nafasi ya shilingi kuyumba. Ukienda Cape Town, usishangae usipoiona kwenye orodha: kanda za AWS zilizofunguliwa baada ya Machi 2019 huwa zimezimwa mpaka uziwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti.

Dar je? Usiidharau. Kuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, na kuna kampuni binafsi kama Wingu. Ujumbe hautoki nje ya nchi, unalipa kwa shilingi, unapewa risiti halali, na siku mikongo ya baharini imekatika mweka hazina wako bado anaifikia seva. Hizo ni faida kubwa na ninazipenda. Ila kabla hujalipa, nenda ofisini kwao ana kwa ana uulize: nani anapokea simu saa nane usiku, bekapu inachukuliwa mara ngapi na inakaa jengo gani, naweza kuongeza kumbukumbu mwenyewe bila kuandika barua, na mara ya mwisho umeme ulipokatika mlizima kwa muda gani. Wauzaji wengine wa seva za bei rahisi hapa nchini wanakuuzia kipande cha seva iliyoko Ulaya chenye anwani ya .tz. Anwani haisemi mashine iko wapi. Pima na wao pia.

Na sheria. Aliyekutisha ana chembe ya ukweli aliyoikuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haisemi kwamba taarifa ya Mtanzania hairuhusiwi kuvuka mpaka. Inaweka masharti ya kuvuka: inaangalia nchi taarifa inakokwenda ina ulinzi wa kutosha au la, ridhaa ya mhusika, na utaratibu wa Tume kwa wanaosafirisha taarifa nje. Tena anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kujisajili na Tume, seva iwe Dar, iwe Johannesburg. Kwa hiyo kukodi Dar hakukuondolei wajibu huo, na kukodi nje hakukufanyi mhalifu. Kinachokuweka hatarini ni kukusanya usichokihitaji. Kama unahifadhi namba ya NIDA, picha ya kitambulisho na namba ya simu ya kila mwanachama, jiulize kila kimoja kinakusaidia nini. Hesabu za hisa hazihitaji picha ya kitambulisho cha mtu. Kifute.

Kama wewe uko Kenya na unasoma hapa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inaruhusu kusafirisha kwa masharti. Rwanda ni wakali zaidi: sheria yao ya mwaka 2021 inataka taarifa zikae ndani ya nchi isipokuwa una cheti cha kukuruhusu kuziweka nje.

Ungekuwa mdogo wangu, ningekuambia ufanye hivi. Wiki hii punguza maswali ya kanzidata na uvilete viwili hivyo pamoja, hata kama ni Ireland pale pale kwa muda. Ireland si mbali kama Virginia, kwa hiyo utaona nafuu kubwa papo hapo. Wiki ijayo pima. Johannesburg ikikupa chini ya milisekunde 100 kwenye laini zote tatu, nenda Johannesburg kwa mashine ya GB 2. Ikiwa laini moja kati ya hizo tatu inazungukia Ulaya, na waweka hazina wako wengi wako kwenye laini hiyo, kaa Frankfurt bila aibu yoyote. Programu iliyoandikwa vizuri Frankfurt inaipita iliyoandikwa vibaya Dar. Picha na mafaili yasiyobadilika yapitishe Cloudflare, kampuni inayoweka nakala za mafaili karibu na watumiaji, ambao wana vituo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Hata salamu za mwanzo na ile kufuli zitamalizikia karibu na simu, ingawa si kila mtandao wa simu utakupeleka kituo cha Dar. Na Dar iweke akilini kwa ajili ya siku utakapokuwa na vikundi 2,000 na mtu wa pili wa kukusaidia.

Usisahau bekapu. Ulichoweka kwenye kanda moja kinakaa kwenye kanda hiyo mpaka wewe ukinakili kwingine. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha seva cha kampuni ya OVH cha Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bekapu zao zilikuwa kwenye eneo lile lile. Nakala ya kila usiku, iliyofungwa kwa nywila, ipelekwe nchi nyingine au kampuni nyingine, na mara moja kwa mwezi jaribu kuirudisha. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukifikia kuunganisha programu na benki au na mitandao ya simu kwa malipo, benki ina masharti yake kutoka Benki Kuu kuhusu mahali mifumo inapokaa. Waombe kwa maandishi kabla hujasaini seva ya mwaka. Vikundi vyenyewe viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, kwa hiyo keti na mwanasheria hata saa moja ili ajue wewe ni nani ndani ya mnyororo huo: mtoa programu tu, au mtu anayeshika taarifa kwa niaba ya kikundi. Na kuhusu usajili wa Tume, piga simu au nenda. Usitegemee tafsiri ya mtu wa mtandaoni, nikiwemo mimi.

Usiku wa kuhamisha pia usiwe peke yako. Mtafute fundi mmoja aliyewahi kuhamisha kanzidata yenye pesa, hata mwalimu wako wa chuo, akae pembeni yako. Siku mbili kabla, shusha muda ambao simu hukumbuka anwani ya seva yako (TTL ya DNS) hadi sekunde 300 ili simu zisiendelee kuitafuta seva ya zamani. Waambie waweka hazina, kwa ujumbe wa kawaida wa simu, kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri programu itasoma tu, haitaandika. Chukua nakala, ipeleke, kisha kabla hujafungua mlango hesabu mambo mawili pande zote: idadi ya rekodi kwenye kila jedwali, na jumla ya hisa za kila kikundi hadi shilingi ya mwisho. Zikipishana kwa kikundi kimoja tu, rudi kwenye seva ya zamani, mlale, mjaribu tena siku nyingine. Zikilingana, fungua, na ile ya zamani usiifute kabla kila kikundi hakijafanya angalau mikutano miwili kwenye seva mpya.